Mwiku wa Mrima

Wanahistoria walioandika juu ya Bagamoyo wametusimulia habari za pembe za ndovu, za watumwa, za sandarusi na nguo za merikani, wakatutajia mwezi wa Februari 1874, maiti ya Livingstone ilipofikishwa katika Misheni ya Roho Mtakatifu, na mwaka 1891, Wadachi walipohamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam. Walakini juu ya chungu kilichowalisha watu wa mji ule, na hususan juu ya kile kilichosalia chunguni baada ya watu kushiba, wamenyamaza kana kwamba jambo hilo halina tarikhi. Bahati njema alikuwako Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilipigwa chapa huko Göttingen mwaka 1903, maana bila yeye tungejua machache zaidi kuhusu arusi, misiba na safari za bara za zama zile. Lakini mwiku, yaani chakula kilicholala, ni jambo la jikoni, na jikoni palikuwa pa wanawake, ambao aghalabu kalamu haikuwa mikononi mwao.

Mji ule uliishi kwa kipimo. Katika miaka ya misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka kwa maelfu na mizigo mabegani, posho ya mpagazi kwa siku ilihesabiwa kuwa kibaba kimoja cha nafaka. Vibaba vinne vilifanya pishi, na pishi sitini zilifanya jizla. Anayenunua chakula kwa kibaba, ilhali bei hupanda msafara uingiapo na kushuka uondokapo, hujifunza bila kufundishwa kwamba punje haina udogo. Mpunga ulipotwangwa na kupetwa, mchele mzima ulitengwa kwa wali wa wageni na wa mwenye nyumba, chenga zikawekwa kwa uji na vitumbua, na wishwa likamwagiwa kuku, ambao nao siku moja watarudi mezani kwa njia nyingine.

Lakini mtawala wa kweli wa mwiku katika Mrima, yaani pwani hii, hakuwa kibaba, bali nazi. Wali wa nazi, mchuzi wa tui, kunde na mihogo ya nazi, vyote vina ladha ambayo aliyeionja haisahau, na vyote vina ila moja, nayo ni kwamba havingoji: tui likishinda katika joto la pwani huchacha upesi, na chakula kilicholazwa bila tadbiri hukutwa asubuhi kina utelezi na harufu kali. Ndiyo sababu mpishi mwenye busara hakuanza kufikiri juu ya mwiku baada ya watu kunawa mikono, bali tangu alipokaa juu ya mbuzi kukuna nazi yake. Aliwakadiria walaji, akakamua kifumbu mara ya kwanza apate kasimile, akatia maji na kukamua tena apate tui jepesi. Samaki aliyetarajiwa kusalia hakumtia tuini kabisa, bali alimbanika, au alimpika chukuchuku kwa ndimu, chumvi na pilipili, amweke akiba mpaka kesho, itakapokunwa nazi nyingine. Kilichokwisha kutiwa tui kikasalia, alikichemsha mara ya pili kabla ya kulala, akakifunika kawa, akakitungika katika susu mbali na paka na panya. Na nazi yenyewe haikuachiwa kitu: machicha yalitupiwa kuku, kifuu kikawa kuni au upawa, na kumbi likafukiwa matopeni lipate kutoa nyuzi za kamba.

Asubuhi, kabla watoto hawajakwenda chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani, mwiku ndio uliokuwa staftahi yao. Wali ulinyunyiziwa maji na kupashwa moto, ugali ulikatwa vipande ukaokwa juu ya makaa, na ukoko uliogandamana na chungu, ambao mimi binafsi nauona bora kuliko wali wenyewe, uligombewa kwa kelele. (Matabibu wa leo wanatuonya, na haki ni yao, kwamba wali uliolala katika joto huweza kuzaa vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukipashwa; kwa hiyo nisieleweke kuwa nasifu kila lililofanywa na wazee.) Kilichozidi haja ya nyumba hakikuwa na mchana wa pili, maana adhuhuri ingekikuta kimeharibika, basi kilitiwa katika bakuli kikapelekwa kwa jirani, na kwa kuwa ni fedheha kurudisha chombo kitupu, bakuli lilirudi na muhogo, au embe, au kipande cha papa. Watu huzungumza juu ya ukarimu wa pwani kama kwamba ulishuka wenyewe kutoka mbinguni. Mimi nadhani sehemu yake kubwa ilifundishwa na tui.

Baharini mambo yalikuwa vingine, kwa kuwa samaki ana dawa. Washomvi wa Kaole, Winde na vijiji vya jirani walifanya biashara ya chumvi na samaki na watu wa bara tangu zamani, na papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani akawa ng'onda, aliweza kukaa majuma mengi.

Dini nayo iliutia mwiku katika utaratibu wake. Israfu imekatazwa, na hilo kila mtoto wa chuo alilijua. Lakini mwezi wa Ramadhani ulifanya zaidi ya kukataza, kwa kuwa kilichosalia kwenye futari kilikuwa na miadi yake wakati wa daku, saa chache tu baadaye, kabla tui halijapata nafasi ya kufanya hiana. Kadhalika katika Maulidi. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria aliyefariki mwaka 1931, ndiye aliyeufanya mji wa Bagamoyo uwe mahali pa kuzuriwa na watu wa mbali, na palipo na wageni wengi hapakosi masinia ya wali, wala masalio yatakayofungwa katika majani ya migomba yapelekwe kwa wagonjwa na wazee walioshindwa kuja.

Kisha dunia ikageuka. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, biashara ya bara ikaufuata mkondo wake, na Bagamoyo ikabaki na minazi yake na majumba ya mawe yaliyoanza kubomoka. Vita vikaja, Waingereza wakaingia mwaka 1916. Miaka ya sabini ilileta upungufu mwingine, watu wakala unga wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo wakauita wa Yanga, na sidhani kwamba katika miaka hiyo palikuwa na ugali mwingi uliolala.

Jambo lililougeuza mwiku kuliko reli na vita ni friji. Nyumba yenye umeme haina haja ya kuwahi adhuhuri, wala ya kumpika samaki chukuchuku kwa hofu ya kesho, na haya ni manufaa ambayo mtu aliyewahi kumwaga sufuria zima la kunde zilizochacha hawezi kuyabeza. Lakini chakula kilichokuwa na usiku mmoja tu wa kungojea sasa kina siku nne, na katika siku nne hizo mwenye nyumba hana sababu ya kumkumbuka jirani. Hukifungua, hukiona, hukifunika tena, na siku ya tano hukitupa.