Dansi kwa Watoto Wenye Usonji

Dansi kwa watoto wenye usonji ni mafunzo ya kucheza muziki yanayopangwa kulingana na namna watoto hao wanavyosikia, wanavyoona na wanavyoimudu miili yao. Baadhi hufundishwa na walimu wa dansi waliopata mafunzo ya ziada. Mengine ni tiba inayoongozwa na wataalamu waliosomea fani hiyo.

Tiba yenyewe ilianza kukua Marekani. Mwaka 1942 mcheza dansi Marian Chace aliingia kufanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya St. Elizabeths, Washington. Mwaka uliofuata daktari Leo Kanner wa Baltimore alichapisha maelezo ya watoto 11, maandishi yaliyoutambulisha usonji kwa matabibu. Chama cha wataalamu wa tiba ya dansi cha Marekani kiliundwa mwaka 1966, Chace akiwa rais wake wa kwanza.

Katika njia ya Chace, mtaalamu ndiye anayemfuata anayetibiwa. Mtoto akiyumba mbele na nyuma, mtaalamu naye huyumba kwa mwendo uleule. Akipungapunga mikono, hupungiwa vivyo hivyo. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya dansi, kwani mtoto ambaye kutwa huambiwa atulie sasa anaitikiwa. Taratibu mtaalamu huongeza kitu kidogo, labda kofi moja au hatua ya pembeni, na mtoto akikipokea wameanza kupokezana. Kwa asiyesema, hayo ni mazungumzo kamili.

Mwili nao hufaidika. Watoto wengi wenye usonji hupata taabu kusimama kwa mguu mmoja, kuruka au kupatanisha mikono na miguu. Mdundo humjulisha mtoto hatua ijayo inakuja lini, naye huirudia bila kuchoshwa na maelezo marefu.

Ushahidi wa kisayansi upo, ila bado ni mdogo. Utafiti wa Sabine Koch na wenzake nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha watu 31, vijana na watu wazima. Baada ya wiki saba, waliopata tiba ya dansi walijisikia vizuri zaidi, wakaitambua miili yao na kuhusiana na wenzao vyema zaidi. Uwezo wa kuhisi hisia za wengine haukubadilika vya kutosha. Anayemwahidi mzazi kwamba dansi itaondoa usonji anampotosha.

Chumba kikipangwa vibaya, faida hizo hupotea. Muziki wa sauti ya juu na taa kali huwaumiza baadhi ya watoto, kwa hiyo darasa zuri huwa na wanafunzi wachache, ratiba ya picha isiyobadilikabadilika na pembe tulivu ya kupumzikia. Hata kumbi kubwa zimejifunza hilo: Desemba 2013, kampuni ya baleti ya Marekani, Pittsburgh Ballet Theatre, iliandaa onyesho maalumu la baleti ya The Nutcracker kwa familia zenye watoto wenye usonji, sauti ikapunguzwa, na watazamaji wakawa huru kuinuka na kutoka wakati wowote.