Mimea, Miongo na Siku ya Mwaka: Sikukuu za Pwani ya Gazi

Kauli moja imezoeleka katika vijitabu vya utalii, na hata katika hotuba za watu wanaopaswa kujua zaidi: kwamba Siku ya Mwaka, sikukuu ya kale ya Waswahili, ni Nairuzi ya Waajemi iliyoachwa pwani kwetu na majahazi, na kwamba haihusiani na ardhi wala mimea ya hapa. Kauli hiyo ina nduguye. Inasemwa kwamba pwani ya kusini ya Kenya, toka Diani hadi Vanga, haijapata kuwa na bustani ya mimea, hivyo elimu ya miti na maua, na ya majira yake, ililetwa na watawala wa kigeni. Nazipinga zote mbili, na hoja zangu zinatoka katika maandishi ya aina mbili yasiyosomwa pamoja: yale ya kalenda ya Kiswahili, na yale ya wanasayansi waliokaa wakihesabu maua ya mikoko Gazi.

Gazi yenyewe haihitaji kutambulishwa. Wamazrui walipoondolewa Mombasa na Seyyid Said mwaka 1837, tawi moja lilikwenda Takaungu na jingine likatua hapa. Sheikh Mbaruk bin Rashid aliufanya mji huu makao yake, akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mlango wa nakshi wa nyumba yake ulipelekwa Fort Jesus. Habari hizo zimeandikwa na kuandikwa tena, ilhali mimea iliyouzunguka mji wake, na sikukuu zilizoitegemea, haikupata mwandishi.

Basi tuanze na kalenda, maana ndiko kwenye ubishi. Mwaka wa Kiswahili una siku 365 kamili. Huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 hutimiza siku 360, na siku 5 zinazobaki huufunga mwaka. Hakuna siku inayoongezwa kila mwaka wa nne kama ilivyo katika kalenda ya Kizungu, kwa hiyo Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4. Leo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa, ndiyo Siku ya Mwaka ya huko, huadhimishwa katika wiki ya nne ya Julai. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, enzi za Sheikh Mbaruk siku hiyo iliangukia nusu ya pili ya Agosti.

Aliyeiandikia sikukuu hii kwa upana zaidi ni Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar na mwandishi wa historia. Makala yake ya mwaka 1955, katika jarida la Tanganyika Notes and Records, ndiyo tegemeo kuu la kauli ya Uajemi, ingawa wengi wanaoirudia hawajaifungua. Hoja za upande huo ni nzito na zinastahili kusikilizwa. Mwaka wa siku 365 usio na nyongeza ndio mwaka wa Wazoroasta. Waparsi wa India wanaufuata hadi leo, na kwa wengi wao mwaka mpya huangukia katikati ya Agosti. Tena manahodha wa Bahari ya Hindi walihesabu safari zao kwa siku za Nairuzi: Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa karne ya 15, alitaja nyakati za kutweka tanga kwa idadi ya siku tangu Nairuzi. Chombo kilichotoka Uarabuni kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kilihitaji hesabu ya jua, kwa sababu miezi ya mwandamo haikai na pepo. Sioni sababu ya kukataa kwamba hesabu hiyo ilifika kwetu na vyombo hivyo.

Lakini kujua hesabu ilikotoka si kujua sikukuu ni ya nani. Tazama kinachofanyika siku yenyewe. Makunduchi wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huzunguka wakiimba, na watu hukoga pwani. Mombasa ng'ombe alizungushwa mjini kisha akachinjwa penye kaburi la Shehe Mvita. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903, ameieleza siku hii kwa watu wa Mrima, majirani zetu wa kusini, kama jambo la kila mji na kila nyumba. Kitovu cha sherehe ni shamba, maji na wazee wa mahali. Mgomba hauna mizizi Uajemi, na kaburi la Shehe Mvita halikuja na jahazi.

Upo ubishi mmoja mkubwa dhidi yangu, na sitaukwepa. Kama Siku ya Mwaka inarudi nyuma daima, itamwongozaje mkulima? Siku iliyokuwa Agosti sasa ni Julai, na masika hayakuhama nayo. Wanaosema hivi huhitimisha kwamba kalenda hii ni mabaki yaliyopoteza kazi. Wapige hesabu tena, safari hii kwa kipimo cha maisha ya mtu. Katika miaka 40 ya kulima, Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku 10, yaani mwongo 1. Mzee aliyefundishwa na babake kupanda mwongo fulani alitakiwa kumwachia mwanawe nyongeza ya mwongo 1 tu. Kosa la kalenda lilikuwa dogo kiasi cha kurekebishwa na macho. Mkulima aliyeona mbuyu ukichipua majani na upepo ukigeuka alijua mwongo umesogea, bila kumngoja mnajimu. Kwa maoni yangu ndiyo sababu kalenda hii iliishi karne nyingi: ilikuwa hesabu iliyosahihishwa na mimea.

Wapo masheikh walioiona Siku ya Mwaka kuwa ni uzushi. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, wa ukoo uleule uliotawala Gazi, alitumia magazeti yake Sahifa na Al-Islah kupiga vita mila alizoziona hazina msingi katika dini. Hoja yao ni ya dini, na wanajibiwa na wenye elimu ya dini. Mimi nazungumzia historia tu.

Kalenda ya miongo haikuwa peke yake. Sikukuu za pwani zinafuata hesabu tatu, na kila hesabu ina namna yake ya kukutana na mimea. Idi na Maulidi hufuata mwezi, zikitangulia siku kama 11 kila mwaka, hata zikazunguka majira yote katika miaka kama 33. Mtoto aliyekula embe Idi yake ya kwanza atakuja kusherehekea Idi katika baridi ya kusi, wakati miembe haina kitu. Siku ya Mwaka hujongea polepole mno. Krismasi, inayojaza wageni Diani, haitoki mahali pake: hukutana na kaskazi, na embe, na korosho, na ule mti wenye asili ya Bukini unaowaka maua mekundu Desemba, ambao wengi huuita mkrismasi.

Ndiyo maana mimea ya Maulidi na harusi ni ile isiyongoja msimu. Angalia kikuba. Vitumba vya asumini huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikafungwa pamoja na majani ya mrehani, vipande vya mkadi, na kilua kikipatikana. Kinavaliwa jioni, na asumini hufumbuka usiku, mtu akiwa tayari ameketi katika shughuli. Harufu hutoka kwa saa iliyokusudiwa. Huo ni ujuzi wa mimea uliopimwa kwa saa, na ulikuwa mikononi mwa wanawake. Kilua asili yake ni pwani yetu hii, lakini asumini asili yake ni Asia ya Kusini. Hakuna anayesema kikuba si cha Waswahili kwa sababu ua lake lilipanda chombo. Mgeni njoo mwenyeji apone: kama hukumu hiyo inatosha kwa ua, itoshe na kwa hesabu ya siku.

Sasa nije kwenye bustani. Bustani za mimea za Afrika Mashariki zinajulikana. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar na mtaalamu wa mimea, alipanda ya kwake Mbweni na kupeleka vielelezo Kew. Wajerumani walianzisha taasisi ya Amani, Usambara, mwaka 1902. Kutoka Amani P. J. Greenway alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, toleo la pili mwaka 1940, kazi ninayoiheshimu na kuitumia. Lakini bustani hizo ziliulizwa swali moja: mmea gani utaleta faida ya mpira, kahawa, katani au kwinini? Majina ya Kiswahili yaliandikwa, siku zake hazikuandikwa. Huwezi kujua kwa kurasa za Greenway mti upi ulihusika na sikukuu ipi. Anayesema pwani ya kusini haikuwa na bustani anatafuta lango, vibao na mtunza hesabu anayelipwa. Akivikosa, anadhani hapakuwa na kitu.

Palikuwa na kaya. Kaya Kinondo, mwendo mfupi kaskazini mwa Gazi, ni msitu wa kiasi cha hekta 30 ambao Wadigo wameulinda kwa miiko kizazi kwa kizazi. Mgeni hujifunga kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na hatoki na kitu, hata jani. Kaya zilianza kutangazwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na Kinondo iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Ann Robertson na Quentin Luke walipozipitia kaya na misitu ya pwani, wakatoa ripoti yao mwaka 1993, walikuta mimea adimu imesalia hasa pale ambapo wazee walikuwa bado na sauti. Mahali palipotengwa, pana walinzi, pana sheria za kuingia na siku maalumu za kukutania kwa dua na sadaka: sijui bustani ihitaji nini zaidi.

Na palikuwa na mikoko. Ghuba ya Gazi imezungukwa na mikoko, mikandaa, michu, mililana na mikomafi iliyotoa boriti, dau na dawa. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ilikatwa kwa kuni za viwandani, na ufuo ukabaki wazi. Upandaji upya ulianza mwaka 1991, ukiongozwa na mtafiti James Kairo na watu wa kijiji. Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa ukaa ya hekta 117 za mikoko, na vijiji vya Gazi na Makongeni vikapata maji na vifaa vya shule kwa fedha hizo. Hayo yametangazwa dunia nzima.

Yasiyotangazwa ni maandishi niliyoyataja mwanzo. Virginia Wang'ondu na wenzake walifuatilia miti ya Gazi mwezi kwa mwezi, wakihesabu majani, vitumba, maua na matunda, na kuchapisha mwaka 2010 kuhusu mchu na mwaka 2013 kuhusu mkoko na mlilana. Wamekuta kwamba kila mti una mwendo wake. Mlilana hukamilisha safari ya ua hadi tunda kwa miezi michache. Mkoko hupitisha mwaka mzima na zaidi kabla mbegu haijadondoka, kwa hiyo hauwezi kusomwa kwa kalenda ya mwaka mmoja. Wapandaji wanaujua kwa dalili nyingine. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake, ndefu na ya kijani kama rungu jembamba. Inapokomaa hutoa shingo ya manjano pale inapoungana na tunda. Ikivutwa kabla ya shingo hiyo, imeharibiwa. Ikiwa tayari, hukubali kwa mguso mdogo, na huchomekwa matopeni maji yakitoka, chipukizi likitazama juu.

Makala hizo zimesomwa na wanasayansi wa bahari, na Gray amesomwa na wanahistoria. Zikiwekwa pamoja zinaonyesha kazi ambayo miongo ilikuwa ikiifanya: kukumbuka, kwa hesabu rahisi ya makumi, lini kila kitu kinachipua, kinachanua na kuiva.

Tangu mwaka 2016 dunia huadhimisha Siku ya Mikoko tarehe 26 Julai, kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka uliotangulia. Katika zama zetu tarehe hiyo iko siku mbili tatu tu baada ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Haikupangwa hivyo, na baada ya miaka 40 hesabu ya miongo itakuwa imesogea tena. Lakini kizazi hiki kimepewa nafasi ambayo hakuna kilichoipata kabla yake. Gazi ina wapandaji, ina kituo cha KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kaya jirani, na ina wazee wanaokumbuka kuhesabu miongo. Kamati ya kijiji na Makumbusho ya Taifa waitumie wiki hiyo ya Julai kuandika kalenda ya mimea ya Gazi: jina la kila mti kwa Kidigo na Kiswahili, mwongo wa kuchanua, mwongo wa mbegu, na sikukuu inayoutumia. Kazi hiyo haihitaji ukuta wala lango. Inahitaji daftari, na watu watakaolijaza mwongo kwa mwongo.