Usingizi Usukanini: Historia ya Kukesha katika Njia ya Katunguru

Nchini Uganda, barabara itokayo Mbarara huvuka Mfereji wa Kazinga, yaani mkondo wa maji unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George, kwenye daraja la Katunguru, kisha hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na kuvuka ikweta kabla ya kufika Kasese, huku tawi lake likielekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa akielekea Beni au Butembo, ng'ambo ya mpaka huo nchini Kongo, hufika katika uwanda huu wa joto akiwa na uchovu wa safari nzima.

Hapo mwanzo mzigo huo haukuwa wa dereva wa lori peke yake, kwa kuwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ndiyo iliyobeba shaba ya mgodi wa Kilembe. Lakini uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na reli ikadhoofika, shehena ilihamia barabarani, na kukesha kukawa sehemu ya kazi.

Njia za kukesha zilitokana na mazoea ya wenyeji. Kahawa ya kutafuna, ambayo Waganda na Wahaya waliichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakaikausha na kumkaribishia mgeni, ina kafeini, kemikali inayozuia kwa muda ishara za usingizi ubongoni. Mairungi, majani yanayoitwa miraa nchini Kenya, huchangamsha kwa nguvu zaidi. Tanboi naye, yaani msaidizi wa dereva, alikuwa mlinzi kwa mazungumzo yake. Hata hivyo, vyote hivyo huahirisha usingizi bila kuulipa, na mwili unaonyimwa usingizi hatimaye huuchukua kwa nguvu, hata kwa sekunde chache ambazo zinatosha kulitoa gari barabarani.

Ndiyo sababu sheria zilianza kuutazama muda wa kazi: mwaka 2012 Kenya iliweka kikomo cha saa 8 za kuendesha gari la biashara katika saa 24, na Tanzania kwa miaka mingi, hadi 2023, ilizuia mabasi kusafiri usiku. Historia hii inafundisha kwamba usalama wa njia ya Katunguru hauwezi kuachwa kwa ujasiri wa dereva. Mwenye lori anayepanga ratiba na kulipa kwa safari ndiye anayepaswa kumpa dereva nafasi ya kulala, au dereva wa pili wa kumpokea usukani.