Pembe au Bibi: Herufi za Kiarabu na Sauti za Kiswahili

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu, Muscat hata London, mna barua kuukuu zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Huulizwa: mbona kijana aliyesoma Kiarabu tangu utotoni hazielewi? Herufi anaziona zote. Sauti ndizo hazimo zote.

Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, fat-ha, kasra na dhumma, na Kiswahili kina irabu tano. Basi kasra ikabeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Ba nayo ilisimama mahali pa b, p na mb; fa mahali pa f na v. Kwa mwandiko huo wa zamani, «pembe» huweza kuandikwa sawasawa na «bibi». Mwandishi hakuona tabu, kwani alimwandikia mtu anayeijua lugha. Jicho lilipata nusu ya neno, sikio likatimiza. Katika utenzi vina na mizani husaidia. Wasia au hesabu ya shamba havina msaada huo, na hapo ndipo wajukuu hukwama.

Mombasa ndiko kasoro hii ilikoshughulikiwa zaidi. Mwalimu Sikujua, aliyefanya kazi na William Taylor, alizirekebisha herufi ili zitofautishe sauti za Kimvita. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake Sahifa mwaka 1930, alikuwa akiwaandikia watu asiowajua, wala hakuwapo kuwasomea. Naye alitengeneza mwandiko uliokidhi Kiswahili. Kazi hiyo iliendelezwa ughaibuni: mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mtu wa Mombasa aliyeishi London, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo kamili ya mwandiko huo.

Herufi za Kilatini, walizochapia wamisionari wa Unguja, zilileta irabu tano bila taabu. Lakini nazo zilinyamazisha mengine, hasa baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu. Mvita hutamka «paa» la nyumba na «paa» wa porini kwa pumzi tofauti. Kitabuni ni neno moja. «Sura» ya Kurani huandikwa kwa sin na «sura» ya mtu kwa sad; kwa Kilatini zote ni s. Kwa maoni yetu, hati zote mbili zina deni kwa sikio.

Kwa hiyo tunawaomba wenye barua wasitosheke na kuzipiga picha. Mketisheni mzee azisome kwa sauti, mumrekodi, kisha muandike kama alivyotamka. Akisema «ndoo» pale mnapotarajia «njoo», msimsahihishe.