Amegeuzwa Saa Ngapi?

Ukitoka tao na kupanda Valley Road kuelekea Hurlingham, utafika Lenana Road. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Wengi wetu tumeipita tukienda Yaya bila hata kuitupia jicho. Ila kwa miaka mingi ndiyo hospitali ya pekee ya umma nchini iliyotengwa kwa kazi hii.

Zamani, kuvunjika uti wa mgongo kulikuwa kama hukumu ya kifo. Kilichoua, mara nyingi, ni yaliyofuata: vidonda vya kulala upande mmoja na mkojo uliorudi kuharibu figo. Mwaka 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekuwa amewakimbia Wanazi, alifungua wodi ya wanajeshi huko Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa yake haikuwa ya ajabu. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mkojo utolewe kwa usafi. Kisha mazoezi, kazi na michezo. Mashindano yake ya 1948, yenye wanamichezo 16, ndiyo yaliyozaa Paralimpiki.

Nairobi, vita vyetu ni barabara na bunduki. Timothy Wanyonyi alipigwa risasi na majambazi wa magari mwaka 1998. Mwaka 2013, Westlands ikamchagua mbunge, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Zack Kimotho, aliyepigwa risasi 2004, alianza safari ya kiti hicho kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini mwaka 2012, ili kuchangisha milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarudisha wagonjwa maishani.

Sasa boda ikianguka mbele yako, usimwinue majeruhi haraka haraka umtupe kwenye pikapu. Shingo na mgongo visicheze. Abebwe mzima mzima, kama gogo. Hospitalini atarajie kupimwa kama anahisi na kusogeza miguu, kisha eksirei au skani. Huenda akaambiwa mfupa uko sawa, aende nyumbani. Isipokuwa hivyo, safari ni ya miezi, na vitanda ni vichache.

Wewe uliyeketi kando ya kitanda una swali lako, na huhitaji digrii kuliuliza: amegeuzwa saa ngapi?