Kasiksi ya ndizi: historia yake na ginsi ya kuanza kuitengeneza nyumbani

Wengi wetu tunaijua kasiksi kwa kuinywa. Wachache tunajua ginsi inavyotoka shambani mpaka kufika katika kikombe. Vijana wengi wa mjini Bukavu wanahesabu pombe ya ndoa kwa kazie, na hawajaona hata mara moja shimo la kuivishia ndizi. Kazi hii ilikuwa ikifunzwa kwa macho na kwa mikono, si kwa karatasi. Mikono ile ikiondoka, hakuna kitabu cha kuirudisha. Njo maana tumeona vizuri kuandika kurasa hizi chache: kwanza juu ya asili ya pombe hii, kisha juu ya kazi yenyewe, halafu juu ya nafasi yake kati ya watu, na mwisho juu ya hatari inayoikaribia.

1. Mgeni na mwenyeji

Mgomba si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Asia ya kusini-mashariki, ukafika kwetu zamani sana, mbele ya Waarabu wa msafara na mbele ya Wazungu. Lakini milima yetu ya Maziwa Makubwa iliupokea vizuri mpaka ukazaa hapa aina zake zenyewe: ndizi za kupika upande mmoja, ndizi za pombe upande mwingine. Hizi za pombe zikiwa mbichi zina ukali mdomoni, na mama wa nyumbani hazitii katika chungu ikiwa njaa haimlazimishi.

Mutama, wenyewe, ni mzaliwa wa Afrika. Mbele ya ndizi kuenea, pombe ya watu wa milima hii ilikuwa ya nafaka: mutama na ulezi. Hata leo, kule Bushi, sherehe ya Mubande inaheshimu mbegu ya mutama, si mkungu wa ndizi. Kwa hiyo kasiksi ni kama ndoa: utamu unatoka kwa mgeni, uchachu unatoka kwa mwenyeji. Anayesema kwamba desturi ni kitu kisichobadilika, aangalie tu kikombe chake.

Ndoa hii haijui mipaka. Rwanda wanaiita urwagwa, Burundi urwarwa, Uganda tonto, na Wahaya wa Tanzania rubisi. Mipaka ilichorwa juu ya karatasi na watu waliokaa mbali. Pombe ilikuwa imekwisha kuvuka maziwa.

Migomba mingine ilikuja nyuma. Ule unaoitwa Yangambi km 5 ulipata jina lake Yangambi, karibu na Kisangani, pahali palipokuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha INEAC, shirika lililoanzishwa mwaka 1933. Km 5 ni kilometa ya tano. Ndizi zake ni ndogo na tamu, na watu wengi wa Kivu wanazikamua. Kisha kuna Kayinja, ambayo wataalamu wanaiita Pisang Awak, nayo ilitoka Asia. Wazee hawakukataa miti hii mipya. Waliiingiza katika shimo lile lile na mtumbwi ule ule.

2. Kazi yenyewe

Mtu anayetaka kuanza asifikiri kwamba anaanza na chombo. Anaanza na shimo. Kwa mara ya kwanza, mikungu miwili ao mitatu inatosha. Ikatwe ikiwa imekomaa lakini ingali ya kijani. Shimo linachimbwa pahali pakavu, linapashwa moto kwa majani makavu ya mgomba, kisha majivu yanatolewa na majani mabichi yanatandikwa ndani. Mikungu inapangwa, inafunikwa kwa majani, na udongo unawekwa juu. Wengine wanaacha tundu dogo pembeni ili kuingiza moshi. Baada ya siku tatu mpaka sita, kufuatana na baridi ya pahali, ndizi zimeiva zote pamoja.

Kuiva pamoja njo siri ya kwanza. Ndizi mbichi imejaa wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Joto la shimo linafanya ndizi ijigeuze yenyewe, wanga uwe sukari. Wazungu wanapotengeneza bia ya shayiri, wanalowesha nafaka mpaka iote, kisha wanaikausha, kwa shabaha ile ile: kupata sukari. Shimo letu la udongo ni kiwanda hicho, bila mashine. Anayefungua shimo mbele ya wakati atakamua mpaka jioni na kupata maji kidogo.

Siri ya pili ni majani ya kukamulia. Ndizi zinamenywa na kuwekwa katika mtumbwi wa mti, ao katika beseni safi kwa anayeanza. Juu yake yanatiwa majani marefu na makali, yale yanayomea sana kwenye mashamba yaliyochoka. Mikono ao miguu inakanda mpaka nyama ya ndizi inashikwa na majani, na maji yanatoka peke yake, safi na matamu. Anayekanda ndizi bila majani anapata uji tu. Maji ya kwanza njo mutobe. Watoto na wageni wasiokunywa pombe wanapewa hayo. Kisha maji kidogo yanaongezwa, na mkamuo wa pili unafanywa. Hapa tunasema kwa nguvu: maji hayo yachemshwe na yapoe kwanza, kwa sababu kasiksi yenyewe haipikwi kamwe.

Siri ya tatu ni mutama. Unakaangwa kidogo, unasagwa, unachanganywa na mutobe. Unaleta rangi na harufu, na katika unga ule, sawa vile katika maganda ya ndizi na katika mbao za mtumbwi wa zamani, mna chachu isiyoonekana kwa macho. Chachu inakula sukari, inatoa kileo na hewa. Mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa pahali pa joto. Siku moja mpaka tatu, povu linapanda, halafu linashuka. Inachujwa, na iko tayari.

Kwa anayetumia bidoni: isiwe ile iliyobeba mafuta ya gari ao dawa ya shamba, hata ikioshwa mara kumi. Wala kifuniko kisikazwe wakati povu linapanda, kwa sababu hewa ikikosa njia itapasua bidoni. Tena mtu asichanganye kasiksi na kanyanga. Kanyanga inachemshwa na mvuke wake unakusanywa. Ni kazi nyingine yenye hatari nyingine, na hatuifundishi hapa.

3. Pombe isiyongoja

Kasiksi ina kasoro moja kubwa: haikai. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili na ya tatu ina nguvu, kisha inaanza kuwa siki. Sisi tunaona kwamba kasoro hii njo iliyojenga desturi yote. Mtu aliyekamua mtumbwi mzima hawezi kuficha pombe yake chumbani mpaka mwaka kesho. Lazima aite watu. Anaita wale watakaomsaidia kulima, ao wale waliomsaidia jana. Anaita wazee wamalize neno la mpaka wa shamba. Anapeleka kibuyu kwa baba mkwe. Mwenye shamba anapeleka sehemu kwa chifu, na chifu naye anaigawanya kwa waliokuja kumsalimu. Pombe isiyowekwa akiba inaleta deni la urafiki, na deni hilo linazunguka kilima chote.

Chupa ilileta desturi nyingine. Bralima ilianzishwa Kinshasa, Léopoldville ya wakati ule, mwaka 1923. Bukavu yenyewe ilipata kiwanda chake katika miaka ya 1950. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinkina walikuwa wakipata mshahara wa feza, na chupa ilikuwa alama ya mtu aliyeendelea. Chupa inakaa, inahesabika, bei yake inajulikana. Polepole kazie iliingia katika orodha ya mali ya ndoa, pembeni ya ng'ombe na mbuzi, na siku hizi familia nyingi zinaandika namba ya kazie kwenye karatasi mbele hata ya kuuliza afya ya wazazi.

Hatusemi kwamba chupa ni mbaya. Tunasema tu kwamba haifanyi kazi ile ile. Kijana asiye na feza alikuwa anaweza kuomba ndizi kwa shangazi, mutama kwa mama mdogo, na mikono ya vijana wenzake. Siku ya kupeleka pombe, ukoo wote ulikuwa umeingia katika ndoa yake. Kwa kazie anakopa peke yake, na analipa peke yake.

4. Mti unaokufa

Leo hatari kubwa haitoki kwa chupa, inatoka shambani. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria, uliandikwa na wataalamu kwanza kule Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo ukaonekana kwetu Masisi. Kutoka Kivu ya Kaskazini ukashuka Kivu ya Kusini. Majani yanakuwa njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mkungu unaiva mbele ya wakati, na ndani ndizi ina madoa ya kahawia. Ndizi hiyo haitoi mutobe. Migomba ya pombe, hasa Kayinja, inashikwa kwa urahisi, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua la dume wanaingiza ugonjwa kwenye makovu yake.

Dawa ya kupuliza hakuna. Lakini njia iko. Ua la dume livunjwe kwa kijiti chenye pembe mbili, si kwa panga, mara tu kichana cha mwisho kinapotokea. Panga lipitishwe kwenye moto ao katika jiki, mbele ya kugusa mgomba mwingine. Shina lenye ugonjwa likatwe chini kabisa mara linapoonekana, bila kung'oa kisiki kizima. Kazi hii irudiwe kila juma, na jirani naye afanye, kwa sababu wadudu hawajui mpaka wa shamba.

Wengine watasema: tutakunywa tu ya kiwandani. Mwaka 2025 ulitoa jibu. Vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na mwezi wa sita Heineken, aliyekuwa mwenye Bralima wakati ule, ilitangaza kwamba imepoteza uongozi wa kazi zake katika miji hiyo miwili na kuwaondoa wafanyakazi wake. Kiwanda kinaweza kuondoka kwa tangazo moja. Shimo la ndizi linabaki pale lilipochimbwa, ikiwa mgomba uko hai na ikiwa kuna mtu anayejua kulifungua kwa siku yake.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunawaomba mambo matatu. Mwenye kipande cha udongo apande vichipukizi vya migomba ya pombe, akivitoa kwenye shamba lisilo na ugonjwa. Mwenye mzee nyumbani amwombe akamue pamoja naye mara moja, na mtoto awe pale. Na siku ya ndoa, hata kama kazie ziko, kibuyu kimoja cha kasiksi iliyokamuliwa na ukoo kiwekwe mbele ya wazee, na majina ya waliokamua yatajwe.