Simu Yangu, Ufunguo Wao: Historia ya Kufuli la Mtandao

Wengi wetu tulikutana na kufuli la mtandao kwa njia moja. Ndugu aishiye Marekani ametuma simu janja, nzuri, ya gharama. Unaitia laini ya hapa nyumbani, nayo inaikataa na kudai namba za kuifungulia. Unaelekezwa kwa fundi, Kariakoo kama uko Dar es Salaam au Luthuli kama uko Nairobi. Anaiflashi, unalipa, mambo yanaisha. Ni wachache waliouliza ni nani aliyeifunga simu iliyokwisha kununuliwa, na kwa mamlaka gani. Swali hilo lina historia ndefu kuliko simu zenyewe za mkononi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Mmarekani hakuimiliki simu iliyokaa mezani kwake. Aliikodi kwa kampuni ya AT&T, na masharti yalimkataza kuiunganisha na kifaa chochote ambacho kampuni haikukitoa. Katazo hilo lilifikia kiwango cha kuchekesha: kampuni ilipambana kwa miaka na mtengenezaji wa Hush-A-Phone, kikombe tu cha kupachika kwenye mdomo wa simu ili jirani asisikie maongezi, hadi mahakama ya rufaa ilipompa mtengenezaji haki yake mwaka 1956. Kisha, mwaka 1968, likaja shauri la Thomas Carter wa Texas, aliyebuni Carterfone, kifaa cha kuunganisha redio ya upepo na mtandao wa simu. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba mteja anaweza kutumia kifaa chake mwenyewe, mradi hakiudhuru mtandao. Uamuzi huo ndio uliofungua soko la mashine za kunasa ujumbe, faksi na modemu za nyumbani, hizo zilizowaingiza watu wa kawaida kwenye intaneti.

Simu ya mkononi ilipokuja, hoja ileile ilirudi ikiwa imevaa nguo mpya. Kampuni ziliuza simu kwa bei ya chini, mteja akafungwa na mkataba, mara nyingi wa miaka miwili, na kufuli likawa dhamana ya kampuni kurudisha fedha yake. Hoja yao haikuwa ya uongo mtupu. Wapo wafanyabiashara walionunua simu za bei ya ruzuku kwa wingi, wakazifungua na kuziuza nje ya nchi. Kampuni ya TracFone iliwafikisha mahakamani wengi wao. Hata hivyo mkataba tayari ulikuwa na faini kwa anayeuvunja mapema. Mteja alifungwa mara mbili, tena kufuli halikufunguka lenyewe mkataba ulipokwisha: ilimbidi aombe ruhusa.

Mwezi Juni 2007 iPhone ilitoka ikiwa imefungwa kwa kampuni moja tu Marekani, nayo ni AT&T. (Kisheria haikuwa AT&T ileile ya kale, bali mmoja wa watoto wake, aliyekua, akamnunua mzazi na kulirithi jina. Tabia nayo, inaonekana, ilikuwemo katika urithi.) Kabla ya Agosti kwisha, kijana wa miaka 17 kutoka New Jersey, George Hotz, alikuwa ameifungua, naye akaibadilisha simu hiyo kwa gari aina ya Nissan na iPhone nyingine tatu.

Hapa ndipo sheria ilipojitokeza, tena kutoka mahali ambapo hakuna mnunuzi wa simu angelipatazamia. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya hakimiliki ya zama za dijitali. Kifungu chake cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli la kielektroniki linalolinda kazi yenye hakimiliki. Waliokuwa wakilindwa ni wenye filamu, muziki na vitabu. Lakini programu iliyomo ndani ya simu nayo ni kazi yenye hakimiliki, na kwa kamba hiyo nyembamba simu nzima ikaburutwa chini ya kifungu hicho. Anayekivunja kwa kusudi la kujipatia faida anaweza kutozwa faini ya hadi dola 500,000 na kufungwa miaka 5 kwa kosa la kwanza.

Nafuu iliachwa mikononi mwa Mkutubi wa Bunge, mwenye mamlaka ya kutoa misamaha kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2006 aliruhusu kufungua kufuli la mtandao. Mwaka 2010 aliruhusu pia mwenye simu kuondoa vizuizi vya mtengenezaji ili aweke programu azitakazo, ingawa Apple ilipinga. Kisha, Oktoba 2012, akakataa kuendeleza msamaha wa kufuli la mtandao kwa simu mpya. Kuanzia tarehe 26 Januari 2013, jambo lililokuwa halali kwa miaka sita likawa kosa bila wabunge kulipigia kura. Watu zaidi ya 114,000 walitia saini ombi kwa Ikulu ya Marekani, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama alisaini sheria ya kuurejesha msamaha. Iliurejesha msamaha tu. Kifungu cha 1201 hakikuguswa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya laini, wakataka kubadilisha mfumo endeshi wenyewe. Simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008, na kwa kuwa msimbo wa mfumo huo uliwekwa wazi, Steve Kondik aliurekebisha na kuugawa kwa jina la CyanogenMod. Mwaka 2009 Google ilimwandikia kumzuia kusambaza programu zake za umiliki pamoja na kazi hiyo, akaziondoa, akaendelea. Mradi ulifungwa mwishoni mwa 2016, ukarithiwa na LineageOS. Faida yake inaeleweka vizuri kwetu tunaotumia simu zilizozeeka: mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, wapo watu wengine wanaoyatoa. Isipokuwa pale mtengenezaji alipoifunga ile programu ya kwanza inayoamka simu inapowashwa. HTC ilifanya hivyo mwaka 2011, wateja wakapiga kelele, nayo ikatangaza kurudi nyuma.

Afrika Mashariki tulizoea kununua simu dukani na laini pembeni, hivyo kufuli la mtandao lilikuwa kitu cha kuletewa. Leo limeingia kwa mlango wa mkopo. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya, simu janja kwa shilingi 20 kwa siku. Ukichelewa kulipa, simu inajifunga. M-Kopa nayo hukopesha simu kwa utaratibu wa namna hiyo. Mama lishe asiyeweza kutoa bei yote kwa mkupuo anapata simu, na sitaidharau nafuu hiyo. Ila ufunguo unakaa kwa mkopeshaji, ndani ya programu ambayo mkopaji haruhusiwi kuigusa. Anayeandika kanuni za mikopo hii, na huenda ni msomaji wangu mmojawapo, angeanza na siku moja tu: ile inayofuata malipo ya mwisho. Programu hiyo inaondoka siku hiyo, au inabaki imelala? Nani anathibitisha, na kwa muda gani?